Shajara ya hita ya besmenti: gesi ipo, umeme upo, moto hauwaki

Nyumba iko St. Paul, Minnesota. Ni ya mbao, na kama nyumba nyingi za huku inapashwa joto kwa gesi asilia. Hita yenyewe iko besmenti, aina ile inayotoa moshi kwa mabomba meupe ya PVC yanayopenya ukutani, si kwa dohani ya matofali. Shikeni tofauti hiyo, kwa sababu karibu matatizo yote ya hapa chini yametokana na maji, na hita kongwe za dohani hazitoi maji. Naongeza sehemu kila hatua inapokamilika, ili mwenzangu atakayeamka alfajiri ya Januari na kuona pumzi yake sebuleni apate pa kuanzia.

Kabla ya yote, usalama. Gesi asilia haina harufu. Ile ya mayai viza hutiwa makusudi. Ukiisikia, uchunguzi umekwisha: usiwashe taa, usizime taa, toa watu wote, piga simu ukiwa nje. King'ora cha kaboni monoksaidi lazima kiwepo na betri iwe nzima, maana hewa hiyo haina harufu yoyote wala hakuna anayeitia. Mimi sigusi vali ya gesi wala bomba lake. Kazi yangu hapa ni umeme mdogo wa volti 24, hewa na maji. Kila ninapofungua kitu, swichi ya hita iliyoko ukutani inakuwa imezimwa. Huiwasha tu wakati wa kupima.

9 Januari: feni inavuma, moto haupo

Nje nyuzi 23 chini ya sifuri. Themostati imewekwa 20, ndani inasoma 13. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, ndiye aliyeshtuka wa kwanza. "Baba, lile dude lenu la chini limenyamaza tangu usiku," aliniambia, amejifunga kanga juu ya koti.

Halikuwa limenyamaza kabisa. Ukishuka unasikia feni ndogo ya kuvuta moshi inaanza, inavuma kama dakika moja, inazima. Baada ya muda inaanza tena. Mlangoni kuna kidirisha kadogo, na nyuma yake taa nyekundu ya bodi (sahani ya saketi inayoongoza hita) inamweka mara tatu, inapumzika, inamweka tatu tena. Jedwali lililobandikwa ndani ya mlango linasema mmweko wa tatu maana yake swichi ya presha haijafunga, yaani haijaunganisha umeme. Soma jedwali la hita yako mwenyewe; kila kiwanda kina hesabu yake, na tatu ya kwangu inaweza kuwa jambo jingine kabisa kwako.

Ya kawaida niliyapitia upesi: chujio la hewa safi, mlango wa hita umekaa sawasawa (kuna swichi ndogo inayokata umeme mlango usipobana), fyuzi ya bodi nzima, jiko la gesi linawaka vizuri kwa hiyo gesi inafika nyumbani. Nikatoka nje. Bomba la kuvuta hewa lilikuwa limeota barafu mdomoni, limebaki tundu la kupitisha vidole viwili. Niliibanjua kwa mkono, nikarudi, hita ikawaka.

Ilifanya kazi mpaka adhuhuri ikazima tena, na safari hii bomba la nje lilikuwa safi. Barafu ile ilikuwa na mchango lakini haikuwa chanzo. Nimeiandika kwa sababu wengi hukomea hapo, wakaona hita imewaka, wakafunga daftari.

Kwa watakaolazimika kulala bila hita: tulinunua hita mbili za umeme za wati 1500. Umeme wa huku ni volti 120, kwa hiyo moja inakula ampea 12 na nusu, na saketi ya kawaida ya chumbani ni ya ampea 15. Ukichomeka mbili kwenye saketi moja inakata papo hapo. Moja tuliiweka chumba cha mtoto, nyingine sebuleni, saketi mbalimbali, bila waya wa kurefushia. Mabomba ya maji yaliyo karibu na kuta za nje tuliyaachia yadondoshe kidogo usiku kucha yasije yakaganda.

10 Januari: kujua imekwama wapi

Kabla ya kununua chochote ni lazima ujue mfuatano, kwa sababu hita hizi hufuata utaratibu usiobadilika na zikikwama hukwama mahali pamoja. Themostati ikitaka joto hupeleka volti 24 kwenye bodi. Bodi huwasha feni ndogo ya moshi. Feni ikishavuta vya kutosha, swichi ya presha, ambayo ni kidubwasha cha duara chenye utando ndani, hufunga na kuiambia bodi kwamba moshi una njia ya kutoka. Hapo ndipo kiwashio huanza kuwa chekundu. Kikiiva, vali ya gesi hufunguka, moto hushika. Kihisi cha moto, kijiti cha chuma kilichochomeka ndani ya miali, kina sekunde chache tu za kuthibitisha. Kisipothibitisha vali hufungwa. Mwisho kabisa feni kubwa huanza kusukuma hewa ya joto vyumbani.

Yangu inavuma, halafu inangoja, halafu inakata tamaa. Kiwashio hakijawahi kubadilika rangi. Kwa hiyo imekwama baada ya feni ndogo na kabla ya kiwashio, na hapo pana kitu kimoja tu: swichi ya presha, pamoja na chochote kinachoifanya isifunge.

Kwenye kundi letu la WhatsApp ushauri ulikuwa mmoja: "Sugua kihisi cha moto kwa waya wa sufuria." Ni ushauri mzuri kwa hita inayowaka sekunde nne halafu ikazima. Kihisi hufanya kazi kwa kupitisha umeme mdogo sana ndani ya mwali, unaopimwa kwa mikroampea, na utando wa masizi au oksaidi ukikivaa umeme huo hupungua bodi isiuone. Lakini hita ambayo haijafika kwenye moto haiwezi kuwa inashindwa kuuona moto. Aliyeniambia nikisugue hakuuliza hita inafika wapi.

Ushauri wa pili ulinitia hofu: "Unganisha tu zile waya mbili za swichi, itawaka." Itawaka kweli. Itawaka pia siku ambayo bomba la moshi limeziba na kaboni monoksaidi haina pa kutokea isipokuwa chumbani kwa mtoto. Swichi ile iko pale kwa ajili ya siku hiyo. Fundi huiruka kwa nusu dakika akiwa na vipimo mkononi na kuiondoa waya kabla hajasimama. Mtu anayetaka kulala asiiruke.

11 Januari: swichi mpya, dola 46

Ilikuwa mchana, duka la vipuri lilikuwa linakaribia kufunga kwa wikendi, na ndani tulikuwa nyuzi 11. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ilikuwa imenionyesha kuwa feni ikivuma swichi inabaki wazi. Hilo lina maelezo mawili: ama swichi imekufa, ama feni haivuti vya kutosha na swichi inasema kweli. Swichi ndiyo iliyouzwa dukani, mvuto hauuzwi. Nikanunua.

Hakikisheni namba iliyochapishwa kwenye swichi inalingana, si umbo tu. Yangu imeandikwa 0.60, yaani hufunga mvuto ukifika inchi 0.60 za maji. Dukani kulikuwa na nyingine zinazofanana nayo kama mapacha, zimeandikwa namba tofauti. Kuweka yenye namba ndogo ni njia nyingine ya kuiruka, ila imevaa suti.

Kufunga ni skrubu mbili, waya mbili na mpira mmoja. Niliwasha. Feni ikavuma, ikangoja, ikazima. Mimweko mitatu. Swichi ya umeme iliyokwisha fungwa hairudishwi dukani, kwa hiyo dola 46 zimekwenda, ila zimenunua jibu: swichi ya zamani haikuwa na kosa.

12 Januari: chai ya rangi

Jioni nilimpigia rafiki yangu Mkenya, fundi wa hita mwenye leseni anayeishi Brooklyn Park, hapa hapa Minnesota. Alikuwa kwenye zamu, ana wateja wamepangana mpaka Alhamisi.

"Umebadilisha swichi?"

"Nimebadilisha, kaka. Ile ile."

"Na mvuto umepima?"

Kipimo cha dukani kilikuwa dola 50 na zaidi. Akanicheka, akanielekeza namna walivyofundishwa wao chuoni siku ya kwanza. Nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita moja na nusu, nikaukunja umbo la U, nikaubana kwenye ubao kwa misumari midogo, rula katikati. Ndani nikamimina chai ya rangi iliyopoa, kwa sababu maji matupu hayasomeki vizuri kwenye mwanga wa besmenti. Upande mmoja wa U unabaki wazi. Upande wa pili unaingia kwenye kiungo cha T, na T hiyo inakatiza mpira mwembamba unaotoka kwenye chemba ya hita kwenda kwenye swichi ya presha. Feni ikivuta, chai hupanda upande wa hita na kushuka upande ulio wazi. Tofauti ya kimo kati ya pande hizo mbili ndiyo mvuto wenyewe. Hakuna cha kukokotoa: presha ya mitambo hii huandikwa kwa inchi za maji, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo 0.60 ya swichi yangu ni kama milimita 15 za chai.

Niliwasha. Chai ikapanda ikasimama kwenye milimita 11. Tena haikutulia, ilikuwa inachezacheza kati ya 9 na 13, na kila inaposhuka nikasikia mgugumio ndani ya hita.

Nikachomoa bomba la kuvuta hewa pale linapoingia kwenye hita, ivute hewa ya besmenti kwa muda wa kupima tu. Ikapanda hadi 13. Nikarudisha. Mpira nikaupuliza, hauna ufa wala maji. Kufikia hapo siku ya kwanza ikaeleweka: barafu ya nje ilikuwa inakula milimita kadhaa, kuiondoa kulileta mvuto ukingoni, ikawaka, halafu kitu kingine kikazidi kujaa na kuurudisha chini.

Nilimtumia fundi video. Jibu lake lilikuwa la sauti, la sekunde tatu: "Hayo ni maji, boss. Fungua chini."

13 Januari: maji

Kwa nini kuna maji kwenye mtambo wa moto? Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani ikiungua hutoa kaboni dioksaidi na mvuke. Kila kilo moja ya methani hutoa kilo mbili na robo za maji. Hita ya zamani huutoa mvuke huo dohani pamoja na joto lake. Hizi za PVC zina chemba ya pili inayoupoza moshi mpaka mvuke unageuka maji, na joto lililokuwa limefichika ndani ya mvuke linabaki nyumbani. Ndiyo maana moshi wake unapita kwenye plastiki bila kuiyeyusha, na ndiyo maana bili yake ni nafuu. Gharama yake ni kwamba maji hayo, yenye asidi, lazima yawe na njia ya kutoka muda wote hita inapofanya kazi.

Njia hiyo kwangu ni mipira miwili inayoshuka hadi kwenye kikombe cha plastiki kilichofungwa ubavuni, chenye vyumba vilivyopindana ndani. Kikombe hukaa na maji kila wakati ili moshi usipite njia ya maji. Kutoka hapo maji yanaingia kwenye pampu ndogo sakafuni, nayo inayasukuma kwenda nje.

Nilizima swichi, nikafunga gesi kwa mkono wa vali ulioko nje ya hita, nikaweka beseni, nikachomoa mpira wa kwanza. Hakikutoka kitu. Nikauminya. Ukatoka mkufu wa ute wa kijivu, mzito kama uji wa ulezi uliolala, halafu ghafla maji yakafuata kwa kasi, lita mbili au tatu, yakapita beseni yakanilowesha soksi. Hayo maji yalikuwa yamekaa ndani ya chemba, yameziba nusu ya njia ya moshi. Feni ilikuwa inavuta moshi kupitia dimbwi.

Kikombe chenyewe nilikifungua na kukiosha kwenye sinki la kufulia kwa maji ya moto, siki nyeupe na brashi ya chupa ya mtoto (mpya, nilinunua yake). Ute ni vijidudu vinavyopenda majimaji ya vuguvugu, pamoja na vumbi na chembe za kutu. Siki inatosha. Msitumie jiki, na hasa msichanganye jiki na siki au na maji haya ya asidi, hutoa klorini. Nilizibua pia tundu dogo linaloshika mpira wa swichi ya presha kwa waya laini, maana ute ulikuwa umeanza kulivaa. Tundu hilo likiziba, feni inaweza kuvuta vizuri kabisa na swichi isijue.

Hatua ambayo wengi huiruka: kabla ya kuwasha, jaza kikombe maji safi mpaka yamwagikie upande wa pili. Kikombe kikiwa kitupu, feni huvuta hewa kupitia humo badala ya kuvuta moshi, na unarudi ulikoanzia ukidhani hujarekebisha kitu.

Nikarudisha kila kitu, T ya chai ikiwa bado imechomekwa. Feni ikavuma. Milimita 24, imetulia, haitikisiki. Swichi ikasema tik. Kiwashio kikaanza kuwa chekundu, kikawa cheupe, vali ikagonga, na nyuma ya kidirisha miali ya buluu ikashika safu nzima. Baada ya muda kidogo feni kubwa ikaanza. Mama mkwe aligonga sakafu kutoka juu kunijulisha kwamba joto limefika.

Swichi ya zamani nimeirudisha, mpya ikawa akiba. Sikuona sababu ya kuacha kipuri kipya kifanye kazi ambayo cha zamani hakikushindwa.

22 Januari: imekufa, lakini si kifo kile

Usiku wa nyuzi 28 chini ya sifuri. Safari hii feni haivumi hata kidogo. Skrini ya themostati imekuwa nyeusi. Nilishuka nikitegemea mimweko mitatu, nikakuta taa ya bodi inawaka moja kwa moja, bila kumweka, yaani bodi inasema haina tatizo na hakuna aliyeiomba joto.

Dalili mpya ni ugonjwa mpya, kwa hiyo sikugusa kikombe. Multimita kwenye bodi, kati ya R na C (ncha ya waya mwekundu unaopeleka umeme mdogo na ile ya kuurudisha): volti 26. Transfoma nzima, fyuzi nzima. Juu kwenye themostati, kati ya waya hizo hizo: sifuri. Umeme unatoka kwenye bodi lakini haufiki juu, na waya haukatiki wenyewe ndani ya ukuta usiku wa manane. Nikaufuata waya mwekundu kwa tochi tangu bodini. Sentimita chache tu unatoka nje ya hita, unashuka sakafuni, unaingia kwenye pampu ya maji, kisha unarudi na kupanda kwenda juu.

Ndani ya pampu kuna maboya mawili. La kwanza huwasha pampu maji yakipanda. La pili ni la dharura: maji yakizidi, hukata ule waya mwekundu, hita yote inakufa kabla besmenti haijafurika. Aliyeifunga hivyo alifanya vyema. Nilifunua kifuniko: maji hadi ukingoni, mota inaguna, maji hayaendi popote.

Mpira wa kutolea maji ulikuwa unapita ukuta wa nje na kuning'inia mita moja hivi hewani, na katikati umelegea. Pampu ikizima, maji hubaki pale kwenye ulegevu. Kwa nyuzi 28 chini ya sifuri hayangoji asubuhi. Niliushika mpira ukawa mgumu kama fimbo mpaka ndani ya ukuta.

Suluhisho la usiku ule lilikuwa ndoo. Niliuchomoa mpira ulioganda, nikafunga kipande kifupi, nikakielekeza kwenye ndoo ya lita 20. Pampu ikatema, boya likashuka, themostati ikawaka juu, na hita ikaanza mfuatano wake bila kuguswa. Ndoo ilijaa kabla siku haijaisha, kwa hiyo kilo mbili na robo za tarehe 13 si nadharia. Tulipokezana zamu za kumwaga.

24 Januari: njia mpya ya maji

Maji sasa hayatoki nje. Nimepitisha mpira mpya chini ya dari ya besmenti mpaka kwenye bomba la kumwagia maji la mashine ya kufulia. Kutoka kwenye pampu unapanda wima, halafu unashuka mfululizo bila kulegea popote. Nimeubana kila nusu mita. Pale unapoingia kwenye bomba la kufulia nimeuachia nafasi ya hewa, sikuuziba kwa gundi, ili maji machafu yasivutwe kurudi.

Nyumba hii ina mabomba ya chuma cha zamani chini ya sakafu, na maji ya hita ni asidi, hula chuma na saruji polepole. Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye bomba yanapita kwenye kopo la chokaa: silinda ya plastiki yenye kokoto za chokaa ndani. Asidi hula kokoto badala ya bomba, nawe unaongeza kokoto zinapopungua.

Kujaribu: nilimimina jagi la maji kwenye pampu. Ikayatema. Nikachomoa umeme wa pampu, nikamimina jagi jingine mpaka boya la dharura likapanda, nikamwita mke wangu aangalie themostati. "Imezima!" Nikarudisha umeme. "Imerudi!" Jaribio hili lifanyeni kila mwaka kabla ya baridi, Oktoba, si Januari.

7 Februari: fundi amekuja

Rafiki yangu alipata nafasi. Nilimwita kwa mambo mawili ambayo siyagusi: presha ya gesi na ubora wa moto. Alimsalimia mama mkwe shikamoo, akapewa chai na maandazi kabla ya kufungua begi, ndipo tukashuka. Presha ya gesi baada ya vali ilisoma inchi 3.5 za maji, ndivyo inavyotakiwa kwa gesi asilia kwenye hita hii. Kaboni monoksaidi kwenye bomba la moshi ilikuwa ndogo. Alisugua kihisi cha moto kwa kuwa alikuwa ameshafungua, basi.

Kisha aliweka pimamaji juu ya bomba la moshi linalopita chini ya dari. Bomba hilo linatakiwa lielekee kwenye hita, kushuka kama sentimita mbili kwa kila mita, ili maji yanayojikusanya ndani yake yarudi kwenye kikombe. Langu lilikuwa na sehemu iliyolala, kibanio kimoja kimefunguka. Aligonga chini yake kwa kidole, tukasikia maji. Tuliliinua kwa vibanio vitatu, yakatiririka kurudi. Ubao wangu wa chai, ambao alisisitiza kuuona, sasa unasoma milimita 27.

28 Februari: gharama

Hita mbili za umeme dola 110, na hizo zitabaki. Swichi ya presha 46. Mpira wa U na kiungo cha T, dola 9. Brashi 6, siki 4. Mpira mpya wa pampu na vibanio 14. Kopo la chokaa 38. Fundi 120, bei ya urafiki. Kampuni niliyoipigia simu siku ya kwanza ilitaka 140 kufika mlangoni tu. Jumla dola 347. Vilivyoiwasha hita yenyewe tarehe 13 ni brashi na siki.

Tangu tarehe 24 Januari haijakata. Kazi iliyobaki ni bomba la kuvuta hewa nje: mdomo wake uko chini mno, theluji ikipepea na upepo inaufikia. Litainuliwa angalau inchi 12 juu ya kimo cha theluji ya kawaida, na mdomo uelekezwe chini. Gundi ya PVC haishiki vizuri kwenye baridi kali, kwa hiyo nangoja Aprili, na hadi hapo kila theluji ikianguka natoka na fagio. Swichi ya akiba imefungwa kwenye mfuko na kubandikwa ndani ya mlango wa hita, pembeni ya jedwali la mimweko, na juu ya mfuko nimeandika kwa kalamu nene: PIMA MVUTO KWANZA, 15 mm.